Dengu: Jina Moja, Mazao Matatu

Mwalimu wa Kiswahili hapa Kampala akiulizwa maana ya neno dengu, jibu lake hutegemea alikojifunzia lugha. Mkenya atafikiria punje ndogo za kijani ambazo kwao huitwa ndengu, na ambazo Mtanzania huziita choroko. Mtanzania naye atafikiria punje kubwa zaidi, za mviringo wenye ncha. Wako pia wanaoliita hivyo zao la tatu, adesi, ambalo punje zake ni bapa. Ili kuyatenganisha mazao haya, inafaa turudi shambani.

Adesi, ambayo jina lake limetokana na Kiarabu, ilianza kulimwa Mashariki ya Kati takriban miaka 10,000 iliyopita. Ilifika nyanda za juu za Ethiopia, ambako hulimwa hadi leo. Hupenda ubaridi na ukavu, hivyo joto na mvua za ukanda wa Ziwa Viktoria haziifai. Dengu ya Watanzania pia asili yake ni Mashariki ya Kati. Wakulima wa Shinyanga na Mwanza huipanda kwenye udongo mzito mweusi wa mbugani mvua zinapokwisha, nayo hukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Choroko asili yake ni Bara Hindi. Huvumilia joto, hukomaa kwa miezi miwili hadi mitatu, na hapa Uganda hulimwa hasa kaskazini na mashariki.

Kati ya mwaka 1896 na 1901, wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu. Wao, pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi, walikuja na mapishi ya dal, yaani punje zilizokobolewa na kupasuliwa. Chunguni punje hizo hufanana. Si ajabu jina moja likabebeshwa mazao kadhaa.

Jikoni kosa hilo halina madhara makubwa. Lakini mfasiri wa kijitabu cha kilimo akiandika dengu bila maelezo, mkulima wa Lira aweza kununua mbegu isiyoota vizuri kwake, akapoteza msimu mzima.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tunapofundisha msamiati huu tuwaletee wanafunzi punje zenyewe darasani, kisha tuwaulize: dengu ya nani?