Uzi Usiobanwa

Lightnin' Hopkins wa Texas mara nyingi alipiga bluzi peke yake, bila besi wala ngoma. Kidole gumba kiligonga uzi mnene wa E pasipo kubanwa kwenye shingo ya gita, ukavuma chini, huku nyuzi nyembamba zikimjibu mwimbaji. Ufunguo wa E haukupendwa bure: nyuzi sita za gita, yaani E, A, D, G, B na E, zikiachwa wazi hutoa zile sauti tano hasa za ngazi ya bluzi katika ufunguo huo. Mkono ukichoka au ukichelewa, gita lenyewe humwokoa mwenyewe.

Umeme na bendi kubwa vilivuruga neema hiyo. Wapiga saksafoni na tarumbeta huona wepesi katika B bapa na E bapa, na gita la T-Bone Walker likalazimika kuwafuata huko, ambako nyuzi zilizo wazi hazifai sana. Tena uzi usiobanwa hauvutwi kwa kidole wala hautetemeshwi, na tetemeko la kidole ndilo lililokuwa roho ya B.B. King. Hivyo uzi wazi ukaanza kuonekana ushamba. Hukumu ya haraka mno.

Aliyeitengua ni Freddie King, mzaliwa wa Texas wa mwaka 1934 aliyekulia Chicago. Agosti 1960, mjini Cincinnati, alirekodi "Hide Away", kibao kisicho na maneno, kilichopewa jina la baa ya Chicago. Kipo katika E. Uzi wazi unapolia, mkono wa kushoto hupata nafasi ya kuhama bila pengo kusikika. Na sauti yake, isiyozibwa na nyama ya kidole, hukata kama chuma. Mwaka 1966 Eric Clapton, akiwa na John Mayall, alikitoa upya Uingereza, na vijana wa roki wakakisomea humo.

Stevie Ray Vaughan, naye wa Texas, aliupenda uzi wazi bila kuwa mtumwa wa E. Katika "Pride and Joy" ya mwaka 1983 vidole vyake vimekaa katika E, lakini gita zima limelegezwa nusu sauti, hata kinachosikika ni E bapa. Aliyejaribu kumfuatisha kwa gita lililokazwa kama kawaida alijikuta juu ya sahani kwa nusu sauti, asijue kosa liko wapi.