"Itaendelea": historia ya sehemu ya pili katika filamu za Afrika Mashariki

Desturi ya kuikata filamu mahali pa moto na kumwahidi mtazamaji sehemu ya pili ilienea Tanzania katika muongo wa kwanza wa karne hii, lakini hamu iliyoibeba ni ya zamani zaidi. Magazeti ya burudani ya Dar es Salaam yalichapisha hadithi za mfululizo, za Eric Shigongo zikiwa miongoni mwa zilizopendwa sana, na kila toleo lilimwacha msomaji na neno "itaendelea". ITV ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, hamu hiyo ilipata nyumba mpya kwenye runinga. Steven Kanumba, Vincent Kigosi "Ray" na Blandina Chagula "Johari" walijulikana kwanza katika michezo ya kundi la Kaole, iliyoonyeshwa wiki kwa wiki, kabla ya kuwa nyota wa filamu.

Shule ya pili ya hamu hiyo ilikuwa kibanda cha video. Kwa kijana wa Lupepo au kwingineko wilayani Rungwe, muvi ilikuwa deki, runinga moja na mabenchi, na Rambo alikuwa mwenyeji humo kuliko waigizaji wengi wa nyumbani. Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972 Rambo anakufa. Filamu ya 1982 ilimwacha hai, ndipo zikaja nyingine mwaka 1985 na 1988. Sylvester Stallone alimrudisha mwaka 2008, akatangaza kwamba angeendelea naye, kisha mwaka 2010 akasema amemaliza. Januari 2016 alirudia kwamba Rambo amestaafu, lakini mwaka 2019 ikatoka filamu ya tano. Kauli hizo hazikufika kibandani. Kilichofika ni kanuni ambayo kila mtoto aliijua: steling, yaani mhusika mkuu, hafi.

Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Otieno Okumu, maarufu kama George Tyson, ndiyo hutajwa mara nyingi kuwa iliyofungua soko la filamu za video za Kiswahili. Nigeria walikuwa wametangulia: Living in Bondage ya 1992 ilifuatwa na sehemu ya pili mwaka uliofuata, na mtindo huo uliingia Tanzania pamoja na kanda zao. Punde filamu za Kibongo zikawa zinatoka hivyo hivyo, Part One na Part Two. Oprah ya 2008, yenye Kanumba, Ray na Irene Uwoya, ni mfano unaokumbukwa.

Mara nyingi sehemu zote mbili zilipigwa kwa mkupuo mmoja, na mkasi ukafanya kazi baadaye. Watazamaji walilalamika kwamba wanalipishwa mara mbili kwa kisa kimoja, na kisa chenyewe kinavutwa ili kijaze diski. Lalamiko lilikuwa la haki, ila lawama haikustahili kumwangukia mwongozaji peke yake. Aliuza haki za kazi yake kwa msambazaji, Steps Entertainment ikiwa mmojawapo wa wakubwa, na nakala za wizi zilikuwa mitaani muda mfupi baada ya uzinduzi. Aliposema "sehemu ya pili iko njiani", au alipokaa kimya kuhusu ya tatu, alikuwa anasoma soko. Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, hesabu hizo zote zilikatika kwa kazi alizokuwa akizibeba yeye.

Uganda inaonyesha kizuizi kingine. Isaac Nabwana, anayetengeneza filamu Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, akalazimika kufuta picha zake asilia ili kompyuta ipate nafasi ya filamu nyingine. Tebaatusasula, ya wakati huohuo, ilipotea kwa hitilafu ya umeme iliyoharibu diski. Machi 2015 aliomba mtandaoni dola 160 za kutengeneza mwendelezo wake wenye kisa cha Ebola, akachangiwa zaidi ya dola 13,000. Kwa mtu wa namna hii, kuendelea au kutoendelea kulitegemea umeme na nafasi ya kompyuta kuliko nia.

Tanzania ilianza kudai stempu za kodi kwenye diski za filamu na muziki mwaka 2013, lakini biashara ya diski ilikuwa imekwisha kudhoofika, na intaneti ikaimaliza. Watengenezaji wengi walirudi kwenye tamthilia za runinga, safari hii za ving'amuzi. Jua Kali ya Leah Mwendamseke "Lamata", iliyoonyeshwa Maisha Magic Bongo, ilitoka kwa misimu. Chaneli ndiyo inayolipia msimu, kwa hiyo uamuzi wa kuendelea hupita kwanza mezani kwa chaneli, na mtayarishaji huutangaza baadaye.