Kompyuta Moja, Skrini Nyingi: Ukuta wa Picha Ulikotoka

Kama umewahi kukaa mwisho kabisa wa hema, nyuma ya nguzo, unajua kwa nini kamati ya mitambo haiachi kuomba skrini. Lakini kabla hujatoa mchango wako, uwe ni shilingi au faranga, nifuate kidogo. Historia ya jambo hili itakusaidia kujua kama tunauziwa kitu halali ama tunapigwa.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko kompyuta za mezani. Mwaka 1967, kwenye maonyesho ya dunia kule Montreal, Kanada, banda la Chekoslovakia lilipanga masanduku 112 yakawa ukuta mmoja. Kila sanduku lilikuwa na projekta mbili za slaidi ndani yake, na liliweza kusogea mbele na nyuma. Watu wakatazama hadithi ya kuumbwa kwa dunia. Hebu fikiria, projekta 224 kwa onyesho moja!

Mwaka 1988 msanii Nam June Paik, mzaliwa wa Korea, alisimamisha mnara wa televisheni 1,003 katika jumba la makumbusho huko Gwacheon. Hesabu hiyo ni ya tarehe 3 Oktoba, sikukuu ya kuanzishwa kwa taifa lao. Televisheni zilikuwa zile nzito za kisogo kirefu. Zikachakaa, na za aina ile hazitengenezwi tena. Mwaka 2018 mnara ulizimwa kwa sababu za usalama, ukaja kuwaka tena 2022 baada ya matengenezo. Lishike hilo, nitalirudia.

Kwa upande wa kompyuta, mambo yalianza kimyakimya. Kompyuta ya IBM ya 1981 iliweza kubeba kadi mbili za picha, moja ya skrini ya rangi na moja ya isiyo ya rangi. Macintosh II ya 1987 ikaja na nafasi 6 za kadi. Ukivuta dirisha kutoka skrini hii, linaingia ile ya pili kana kwamba ni meza moja. Windows 98 ikaruhusu hadi skrini 9, mradi uwe na kadi za kutosha, na hapo ndipo pesa zilipokuwa zinakwisha. Mwaka 2009 AMD wakatangaza Eyefinity: hadi skrini 6 kutoka kadi moja, na kompyuta inaziona kama skrini moja kubwa.

Sasa nikiri kosa langu. Tulipojaribu mara ya kwanza, muuzaji mmoja alituhakikishia kwamba kisanduku cha kugawa picha kinatosha. Tukaunga waya zote, tukawasha. Jamani! Mhubiri mmoja akatokea mara sita. Kumbe kisanduku kile kinanakili picha, hakiikati vipande. Tulichohitaji ni kadi yenye matundu mengi, kila tundu libebe kipande chake. Kisanduku kipo kabatini hadi leo, na ni michango ya watu.

Tena skrini sita zenyewe tulizipanga vibaya. Tatu juu, tatu chini, kila moja 1920 kwa 1080, zinatoa 5760 kwa 2160. Picha ya kamera si pana namna hiyo: ama ibaki na weusi pembeni, ama ikate vichwa vya kwaya. Mbili kwa mbili, au tatu kwa tatu, umbo la kamera linabaki. Na zile fremu? Programu inaweza kuficha sehemu ya picha nyuma yake ili mistari inyooke, kama unavyotazama nje kupitia dirisha la nondo. Kwa uso ni sawa. Kwa maneno ya wimbo, inakula herufi.

Basi ombi la mwaka huu ni hili: skrini 4 za aina moja, na ya tano ya akiba, kwa sababu ya yale ya Gwacheon. Kadi moja yenye matundu manne. Halafu kompyuta ya pili, yenye programu zote tayari, ikae chini ya meza, maana ya kwanza ikizima, ukuta mzima umezima. Ukiona kisanduku cha kugawa picha kwenye orodha ya manunuzi, simama uulize.