Kilo 111 na nusu



Kule bandari ya Kalundu, boti ikifika na magunia ya unga, vijana wetu hawakosi kubishana nani anamupita mwenzake nguvu. Mmoja anapandisha gunia hadi kichwani bila kuyumba. Wa pili anapandisha gunia la uzito ule ule, lakini mguu unasogea kidogo. Hapo maneno yanaanza. Huyu anasema gunia ni gunia, limefika juu, basi. Yule anasema hapana, hukulibeba vizuri. Sisi tulikuwaka tunafikiri ubishi huo ni wa hapa kwetu tu, juu ya jua kali na njaa. Kumbe ulishafikaga mbele ya mtoto wa mfalme.

Ilikuwa tarehe 7 mwezi wa nne, mwaka 1896, mjini Athens, Ugiriki. Ndiyo siku ya pili ya Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya nyakati hizi. Uwanja ulikuwa wa marumaru, umetengenezwa upya kwa feza ya tajiri mmoja, Georgios Averoff. Wanaume sita walijitokeza kunyanyua chuma kwa mikono miwili. Hawakugawanywa kwa uzito wa mwili: mkubwa na mdogo, wote chuma kimoja. Mjerumani Carl Schuhmann, mtu mfupi sana, alisimama hapo pamoja na Launceston Elliot, Mwingereza mwenye mwili mkubwa, aliyezaliwa India. (Schuhmann tusimucheke. Kwenye mieleka ya michezo ile ile alimuangusha Elliot.)

Wengine wakachoka, wakabaki wawili: Elliot na Viggo Jensen wa Denmark. Wote wawili wakafika kilo 111.5. Sasa, nani mshindi? Mwamuzi alikuwa George, mtoto wa mfalme wa Ugiriki. Akamupa Jensen, akisema amenyanyua vizuri zaidi, maana Elliot alisogeza mguu. Waingereza wakalalamika. Wote wawili wakaruhusiwa kujaribu tena, hakuna aliyeongeza hata kidogo, na uamuzi ukabaki vile vile. Jensen naye akaumia bega.

Sisi tumelizungumza jambo hili sana, maana hata kwenye chama tunagawa vitu kidogo kwa watu wenye haja sawa. Kama sheria ya mguu imesemwa mbele ya wote kabla chuma hakijaguswa, hakuna neno. Lakini kama inatajwa wakati chuma kimeshashuka, mtu atarudi kwake na kinyongo, hata kama mwamuzi ana haki.

Kisha wakanyanyua kwa mkono mmoja. Bega la Jensen lilikuwa bovu, akaishia kilo 57. Elliot akapandisha 71, akashinda. Zawadi ya mshindi ilikuwa medali ya feza na tawi la mzeituni, kwani mwaka ule hawakutoa zahabu. Wanasimulia pia kwamba mtumishi mmoja alitumwa kuondoa chuma, kikamushinda. Mtoto wa mfalme akainama, akakiinua kama mtu anayeokota kapu, na uwanja wote ukapiga makofi.

Mwaka huo huo 1896 huku kwetu kulikuwa na kunyanyua pia. Inchi hii ilikuwa mali ya Léopold II, tangu 1885 hadi 1908. Ng'ambo ya ziwa, njia ya misafara ilikuwa inatoka Ujiji hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Mpagazi alikuwa anabeba kilo 30 hivi, kichwani au begani: pembe za tembo zikienda pwani, vitambaa na shanga zikirudi. Jensen alishika kilo 111.5 kwa dakika isiyofika moja, akaachilia. Mpagazi alilala karibu na mzigo wake, asubuhi akauinua tena, mwezi mzima, miezi mitatu. Na huku Kongo wengine walibeba watu wazima: mzungu anakaa kwenye tipoyi, wanaume wanamupandisha mlima. Hapo hakuna aliyetazama kama mguu umesogea, isipokuwa kwa kuchapa.

Baada ya Athens, mchezo huu ulitolewa na kurudishwa mara kadhaa. Mwaka 1920 ulirudi Antwerp, Ubelgiji, na mara hiyo watu waligawanywa kwa uzito wa mwili, makundi matano. Kwetu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote, maana mwembamba alipata mwembamba mwenzake. Mbelgiji Frans De Haes alishinda kundi la wepesi kabisa. Antwerp ndiyo bandari iliyokuwa inapokea pembe na mpira kutoka Kongo, vitu vilivyoanza safari juu ya vichwa vya watu. Wakati ule Kongo ilikuwa koloni ya Ubelgiji, na haikuwa na timu yake katika michezo ile.

Jina la De Haes limeandikwa, na kilo zake pia. Kwa wapagazi, mara nyingi imebaki hesabu ya mizigo. Sisi wenyewe, mwezi wa kumi 1996, vita vilipofika Uvira, tulibeba watoto, masufuria na wazee hadi kwenye maji, na hakuna aliyekuwa na mizani.

Kwa hiyo tunaomba hivi: mzee yeyote ambaye baba yake au babu yake alibeba mizigo ya msafara au tipoyi, aje siku ya mkutano, au amutume mjukuu. Tutaandika jina, kijiji, njia aliyopita, na kama anakumbuka, uzito.