Kusafisha sarafu za zamani nyumbani: nini kinafaa, nini kinaharibu

Baadhi ya familia zilivuka mpaka zikiwa na sarafu chache za babu, zimefungwa kwenye kitambaa pamoja na vyeti na picha. Wenyeji wa Uganda nao wanazo za enzi ya Waingereza, zimekaa miaka mingi kwenye kopo la vifungo. Siku moja mtu anaziona zimekuwa nyeusi, anachukua limau na chumvi, au majivu ya sigiri, anaanza kusugua. Zinang'aa kweli. Tatizo ni kwamba mng'ao huo unatokana na kuondoa tabaka la juu la sarafu, na pamoja nalo herufi, mwaka na sura iliyochongwa. Kilichoondoka hakirudi. Kwa mkusanyaji wa sarafu, iliyosuguliwa huwa na thamani ndogo kuliko ile iliyoachwa na weusi wake.

Kwanza jua imetengenezwa kwa nini

Shilingi ya Afrika Mashariki, yenye simba na milima nyuma yake, ilikuwa na robo ya madini ya fedha kuanzia 1921 hadi 1946; sehemu kubwa iliyobaki ni shaba. Zile za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Senti 10 yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu kwa kawaida ni ya bronzi. Franka 2 ya Kongo ya Wabelgiji ya 1943, yenye pembe sita na picha ya tembo, ni ya shaba ya njano. Likuta 1 ya 1967 ni ya alumini, nyepesi kama kifuniko cha chupa. Shilingi 1 na 2 za Uganda za 1987 ni chuma kilichopakwa shaba kwa juu tu. Ukiweka sumaku zinanata.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua kila kitu. Siki na limau huyeyusha shaba. Kwenye shilingi 1 ya 1987 tabaka la shaba ni jembamba, likitoboka chuma kinapata kutu ndani ya siku chache. Kwenye shilingi ya simba ya zamani, asidi hula shaba kwanza na kuiacha sarafu na rangi ya weupe uliofifia, yenye mabaka. Majivu na magadi ya kufulia huila alumini, kwa hiyo likuta iliyolowekwa humo hutoka imejaa vishimo. Majivu ni mazuri kwa sufuria iliyoungua, na sufuria huweza kununuliwa nyingine.

Chumvi ina ubaya wake. Ikibaki kwenye shaba au bronzi, huendelea kuila taratibu hata baada ya kukauka. Ukiona unga wa kijani kibichi unaorudi kila ukiufuta, tenga sarafu hiyo na nyingine na uiweke mahali pakavu. Ukijani au weusi laini ulioshikamana, usiotoka kwa kidole, hauna madhara. Uache.

Njia salama

Weka kitambaa chini ya beseni ili sarafu isigonge. Loweka sarafu moja moja katika maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya maji ya vyombo, kwa dakika kumi hivi, kisha suuza. Shika ukingo, si uso. Usitumie mswaki, dawa ya meno, mchanga wala waya wa kusugulia sufuria. Uchafu ukigoma, iache usiku kucha katika maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kama maji ya betri, na uyabadilishe asubuhi. Soma lebo kwa makini: asidi ya betri huuzwa mahali hapo hapo, na inaunguza ngozi na macho.

Gundi au mafuta mazito hutoka kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Inashika moto haraka sana, basi itumie nje, mbali na sigiri na sigara. Mwisho kausha kwa kubonyeza kwa kitambaa laini cha pamba, bila kufuta, kisha weka kila sarafu kwenye bahasha yake ya karatasi. Kaveera hufungia unyevu ndani.

Usichanganye Jik na siki au limau kwa kazi yoyote ile. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na katika chumba kimoja cha kupanga chenye dirisha dogo inaweza kuua. Watoto wasikae karibu na beseni. Sarafu ndogo humezwa kirahisi. Mtoto akimeza, mpeleke kituo cha afya hata kama halii.

Kama unafikiria kuuza

Sarafu hizi hazinunui kitu dukani leo, na kuwa ya kale hakuifanyi kuwa ghali. Zilitengenezwa nyingi sana. Mtu akikupigia simu kusema yako ina thamani ya mamilioni, lakini utume kwanza pesa ya "usajili" au "kipimo", huyo ni tapeli, hata kama amekutumia picha za sarafu inayofanana na yako. Usimwachie sarafu, wala kitambulisho chako cha mkimbizi. Anayetaka kununua kwa dhati huitazama mbele yako na kukulipa papo hapo.

Ukitaka kujua ulicho nacho, piga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa mchana, uandike mwaka na maneno unayoyaona, ukaulize katika Uganda Museum, barabara ya Kira. Peleka sarafu ikiwa haijasafishwa.