Chanjo ya mbwa ni kinga ya binadamu: Kichaa cha mbwa katika wilaya za Tarime na Serengeti

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mate ya mnyama mgonjwa, hasa anapong'ata. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki dunia. Ugonjwa huo unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia.

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, hivyo ni rahisi kudhani kuwa chanzo cha ugonjwa ni wanyamapori. Hata hivyo, tafiti zilizofanyika katika ikolojia ya Serengeti zimebaini kuwa mbwa wa kufugwa ndio wanaouendeleza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionesha kuwa mbwa mmoja mgonjwa huambukiza wenzake wasiofikia wawili kwa wastani. Kwa hiyo, asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika.

Kufikia kiwango hicho hutegemea mwitikio wa wananchi. Baadhi ya wafugaji huwaacha watoto wa mbwa nyumbani wakiamini ni wadogo mno kuchanjwa. Wengine hukosa taarifa mapema, huishi mbali na kituo, au hushindwa kumdhibiti mbwa wao. Aidha, wapo wanaoona kuwa chanjo ya mwaka uliopita inatosha, ilhali mbwa wengi hufa na wengine huzaliwa kila mwaka, hivyo kinga ya kijiji hupungua haraka.

Gharama ya uzembe huo huangukia familia. Aliyeng'atwa huhitaji dozi kadhaa za chanjo, ambazo ni ghali kuliko ile ya mbwa, pamoja na nauli ya kwenda hospitali mara kwa mara. Watoto wa chini ya miaka 15 ni takriban asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo.

Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha afikishwe kituo cha afya bila kusubiri dalili. Tukio liripotiwe pia kwa ofisa mifugo wa kata.

Lengo la kimataifa ni kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030.