Uandishi wa CV: Mambo 6 yanayomsogeza mwombaji kwenye usaili, hata asiye na uzoefu

Wapo wahitimu wanaotuma maombi ya kazi mwezi mzima bila kupigiwa simu hata moja. Wengi humaliza kwa kusema, "Bila konekshen hutoboi." Konekshen ni habari nyingine. Lakini lipo tatizo ambalo mwombaji anaweza kulirekebisha mwenyewe leo: CV moja iliyokopiwa kwa rafiki, ikabadilishwa jina tu, kisha ikatumwa benki, hotelini na shuleni bila kuguswa.

CV haimpi mtu kazi. Kinachotakiwa ni anayechambua maombi aseme, "Huyu tumwite tumsikilize." Mtu huyo ana rundo la maombi na tangazo la kazi pembeni, na anaangalia kama yaliyotajwa kwenye tangazo yapo kwenye karatasi. Asipoyaona haraka, anahamia kwa mwingine.

Haya ndiyo mambo yanayosaidia yaonekane.

1. Tangazo lisomwe kwanza

Kila sifa inayotakiwa ipigiwe mstari. Kama nafasi ni ya huduma kwa wateja na wanataka mtu anayejua Kiingereza, kompyuta na yuko tayari kufanya kazi kwa zamu, mambo hayo matatu yakae nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, ilimradi ni ya kweli.

Maneno yatumike yale yale ya tangazo, na lugha iwe ile ya tangazo. Baadhi ya kampuni huchuja maombi kwa programu ya kompyuta inayotafuta maneno hayo. Majedwali, michoro na mapambo mengi yanaweza kuichanganya programu hiyo, hivyo mpangilio wa kawaida ndio salama.

2. Sifa ziwe na ushahidi

"Mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma." Maneno haya yako kwenye CV karibu zote, kwa hiyo hayamtofautishi mtu. Kinachomtofautisha ni alichofanya.

Badala ya "Nilikuwa muuzaji wa duka", mwombaji anaweza kuandika: "Muuzaji, duka la vifaa vya ujenzi, Januari hadi Oktoba 2024. Nilihudumia wateja wapatao 40 kwa siku, nilitunza daftari la madeni na kufunga hesabu kila jioni."

Kazi ni ile ile, ila sasa mwajiri anaona mtu wa wateja, wa kumbukumbu na wa hesabu. Namba iwe ya kweli, maana kwenye usaili atatakiwa kuieleza.

3. "Sina uzoefu" ichunguzwe tena

Hapa ndipo vijana wengi hujinyima. Hawajawahi kuajiriwa kwa mkataba, basi sehemu ya uzoefu wanaiacha tupu.

Mtu aliyekaa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa za simu amesimamia floti, amehakiki namba, ametunza kumbukumbu na amemtuliza mteja aliyetuma pesa kwa mtu asiye sahihi. Huo ni uzoefu. Mafunzo kwa vitendo, kazi ya kujitolea, mradi wa mwisho chuoni na uweka hazina wa kikoba au kwaya, vyote vina nafasi kwenye CV, vikiandikwa kwa tarehe na majukumu.

4. Kurasa mbili zinatosha

Kwa anayeanza maisha ya kazi, ukurasa mmoja au miwili inatosha. Kazi na elimu ya karibuni ianze juu. Mhitimu wa chuo hana haja ya kueleza shule ya msingi, dini, kabila au hali ya ndoa, isipokuwa mwajiri ameuliza.

Barua pepe iwe na jina lake halisi, si jina la utani la mtandaoni. Namba ya simu iwe ile inayopatikana muda wote. Kuna watu wamekosa usaili kwa sababu laini iliyoandikwa ilishapotea.

5. Serikalini kuna masharti yake

Tanzania, nafasi nyingi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hupitia Ajira Portal. Huko CV nzuri haitoshi peke yake. Matangazo yake kwa kawaida hutaka barua ya maombi iliyosainiwa, nakala za vyeti zilizothibitishwa, cheti cha kuzaliwa na wadhamini watatu wanaopatikana. Karatasi za matokeo hazipokelewi badala ya vyeti vya kidato cha nne na cha sita. Waliosoma nje huhitaji vyeti vyao vihakikiwe na NECTA, TCU au NACTVET, kulingana na ngazi.

Jambo linalowaumiza wengi ni majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cha shule kinasema vile, hati ya kisheria ya kubadili jina itahitajika. Ni vyema ishughulikiwe mapema, si usiku wa kuamkia usaili.

6. Uongo uachwe, wadhamini waambiwe

Vyeti huhakikiwa, na cha kughushi kinaweza kumfikisha mtu mahakamani. Hata uongo mdogo, kama kuandika "najua Excel vizuri", huumbuka pale anapokalishwa mbele ya kompyuta.

Wadhamini nao waombwe ruhusa na watumiwe tangazo. Mdhamini anayeshtuka kupigiwa simu na kuuliza "Nani huyo?" anaweza kuharibu kila kitu.

Kabla ya kutuma

CV inaweza kuandikwa hata kwa simu, kisha ihifadhiwe kama PDF ili mpangilio usivurugike. Faili lipewe jina la mwombaji na nafasi anayoomba, si "CV mpya final 3". Ifunguliwe kwenye simu ya mtu mwingine, na mtu huyo aisome kutafuta makosa. Barua pepe nayo isitumwe tupu. Sentensi mbili tatu za salamu na kutaja nafasi zinatosha.

Mwisho, tangazo lipigwe skrinishoti na litunzwe pamoja na CV iliyotumwa. Simu ya usaili inaweza kuja baada ya wiki kadhaa, wakati tangazo limeshaondolewa mtandaoni, na maswali mengi yatatoka kwenye karatasi hizo mbili.